Nilimkata Mmoja, Wakaota Watano

Wasee, mwaka huu nimefanya kosa moja lililonifunza historia kuliko darasa lolote nililowahi kukaa. Nilichukua wembe nikamkata mnyama mmoja mdogo, urefu wake kama kidole. Wiki mbili baadaye walikuwa watano.

Wacha nianze vizuri. Anko yangu alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Alipostaafu akarudi nyumbani hapa Machakos, na kitu pekee alichokuwa anakosa ni bahari. Basi akanunua tangi la kioo la lita 200, akaliweka sebuleni. Na si wale samaki wa maji baridi mnaowaona kwa madirisha ya maduka. Hii ni bahari kamili: maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini yanayocheza kama nyasi kwa upepo, kamba wawili (wa baharini, si ya kufunga ng'ombe), na wale samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe ambao nyote mnawaita Nemo. Anko aliwapa majina: mkubwa ni Likoni, mdogo ni Kilindini.

Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 400, kwa hivyo chumvi inakuja kwa paketi na unaikoroga kwa ndoo kama uji. Kazi ya kutunza hilo tangi ikaniangukia mimi kwa sababu, kwa maneno ya anko, "wewe uko na simu na uko na wakati."

Siku moja nikaona kitu kama ua dogo la kahawia limeota kwa jiwe jipya tuliloletewa. Nilikapenda. Nikakapiga picha hata. Mwezi uliofuata walikuwa wanane, na matumbawe yaliyokuwa karibu nao yakaanza kujikunja na kusinyaa. Hapo ndipo nikachukua wembe.

Yule si ua. Ni mnyama, anaitwa anemoni, na aina hii wataalamu wanaiita Aiptasia. Hana mfupa wala kichwa. Ana mguu mmoja wa kushika jiwe, mdomo mmoja katikati, na mikono mingi myembamba iliyojaa vishale vidogo vya sumu. Chochote kinachomgusa anakichoma, na hata jirani akikaribia sana anamchoma. Ukimsogelea na kidole anajificha kwa shimo kabla hujamfikia. Na hii ndiyo siri ambayo wembe wangu haukujua: kipande cha mguu wake kikibaki kwa jiwe, kinaweza kuota mnyama mzima. Hata bila wembe, akitambaa huwa anaacha vipande vya mguu nyuma yake, na kila kipande kinaanza maisha yake. Mimi nilidhani ninaua. Kumbe nilikuwa napanda.

Swali lililonisumbua usiku huo ni hili: ni nani alianza kuingiza kitu kama hiki kwa nyumba? Nikaanza kusoma, na nikapata kwamba watu waliwahi kuwatafuta anemoni kama vile leo watu wanatafuta viatu vya toleo jipya.

Mwaka wa 1828, Mskoti mmoja anayeitwa John Dalyell alimtoa anemoni mwekundu kwa mawe ya pwani ya North Berwick akamweka kwa mtungi wa kioo. Yule anemoni aliishi mtungini kwa karibu miaka sitini. Alimzika Dalyell mwenyewe, aliyekufa mwaka wa 1851, akarithiwa na mtunzaji mmoja hadi mwingine, akapewa jina Granny, yaani nyanya, na wageni walikuwa wanakuja Edinburgh kumwona. Alipokufa mwaka wa 1887, magazeti yaliandika kifo chake. Bro, kuna watu hawapati hiyo heshima.

Baada ya Dalyell akaja Philip Henry Gosse. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki yenye matangi ya kioo, ya kwanza ya aina hiyo kwa umma, na Gosse ni mmoja wa waliosaidia kuijaza viumbe. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kilicholisambaza neno akwaria duniani. Mwaka wa 1860 akatoa kingine kizima juu ya anemoni wa Uingereza. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa mwaka wa 1845, kwa hivyo tangi halikuwa tena kitu cha matajiri pekee. Treni zilikuwa zinasafirisha maji ya bahari hadi mijini, na kwa wasioyapata, Gosse alichapisha namna ya kuchanganya chumvi nyumbani. Yaani ile ndoo yangu ya Machakos ina babu yake huko. (Sisi hata treni haikutusaidia: reli ya kikoloni ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 ilikuwa imetuacha kando.)

Halafu ikatokea kile ambacho hutokea kila mara kitu kikipendwa na wengi. Watu walishuka pwani na ndoo na nyundo, wakang'oa anemoni na kila kilicho hai kwa mawe. Mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika mwaka wa 1907 kwamba zile pwani za utoto wake ziliporwa zikabaki tupu, na kwamba baba yake aliumia sana kwa kuona kitabu chake kimefungulia watu njia. Kwa hiyo katika awamu ya kwanza ya hii historia, mharibifu hakuwa anemoni. Ni sisi tulioenda kwake.

Awamu ya pili inaanza Asia. Mwaka wa 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika katika gazeti la wafugaji samaki la Marekani jinsi anavyofuga matumbawe: badala ya mitambo mingi, unaweka mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai wake, pamoja na mapovu ya hewa, na viumbe wadogo wa kwenye mawe wanayasafisha maji. Wazo hilo lilichukua muda, lakini ndilo lililobeba akwaria za matumbawe zilizoenea Ulaya na Marekani miaka ya 1980. Jiwe hai likawa moyo wa tangi. Na ndani ya mashimo ya jiwe hai ndimo Aiptasia anasafiria bure bila tiketi.

Mnaona kilichobadilika? Anemoni ni yuleyule, na anachoma vilevile. Ila Dalyell alitaka anemoni, na anko anataka matumbawe. Mnyama anayeitwa kero kwa tangi letu angeandikiwa taarifa ya kifo Edinburgh. Hata leo, kuna maabara zinazomfuga makusudi. Aiptasia anaishi na vijimea vidogo ndani ya mwili wake kama matumbawe yanavyoishi, lakini ni rahisi kumfuga na hafi ovyo, kwa hivyo wanasayansi wanamtumia kuelewa kwa nini matumbawe hupauka maji yakipata joto, kama yalivyopauka pwani yetu mwaka wa 1998. Mwaka wa 2015 watafiti, wengi wao wa chuo cha KAUST kule Saudi Arabia, walichapisha jenomu yake nzima. Kile ninachojaribu kuua sebuleni kwa anko, kuna mtu analipwa mshahara kukilisha.

Sawa, lakini matumbawe ya anko yalikuwa yanakufa. Hapo nikaingia kosa la pili.

Watu wengi humdunga Aiptasia na sindano: maji ya moto, juisi ya limau, au uji mzito wa chokaa safi, ile kalisi hidroksidi. Chokaa inafanya kazi. Unazima pampu, unampelekea polepole mdomoni akidhani ni chakula, anakunja mikono, anaungua akiwa ndani. Lakini chokaa pia inapandisha pH ya maji yote. Maji ya bahari yanataka kukaa kati ya 8.1 na 8.4 hivi, na kwa lita 200 hakuna nafasi ya kucheza. Ndiyo maana wanaojua wanadunga wawili watatu, wanangoja siku kadhaa. Mimi nilidunga zaidi ya ishirini kwa jioni moja, na pampu ilikuwa inanguruma. Asubuhi kamba wote wawili walikuwa wamelala chali, na Likoni alikuwa amekwama kwa mdomo wa chujio.

Anko alikuja na chai yake kama kawaida. Akaangalia muda mrefu.

"Kijana, Likoni ameenda wapi?"

"Amekufa, anko. Ni mimi."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Bandarini tulikuwa tunasoma karatasi kwanza, ndio tunafungua kontena." Akaenda kunywa chai nje.

Kosa la tatu lilitoka kwa ile aibu. Nilitaka kurekebisha haraka, nikasoma kwamba kuna kamba mdogo mwenye mistari myekundu, wa jenasi ya Lysmata, anayekula Aiptasia. Muuzaji mmoja Nairobi akaniambia anao, nikanunua watatu. Baada ya wiki moja Aiptasia walikuwa wamenona na matumbawe laini ndiyo yalikuwa yanaliwa. Nilipokuza picha nikaona: wale wangu walikuwa na nundu mgongoni na mdomo mrefu unaokunjika. Ni mnyama mwingine kabisa, Rhynchocinetes durbanensis. Jina lake limetoka Durban, anaishi hii Bahari yetu ya Hindi, na dunia nzima huuzwa kimakosa badala ya yule wa kweli. Sikumlaumu sana muuzaji. Sikuwa nimesoma karatasi.

Na hapa ndipo nilikutana na hadithi ambayo sikuwahi kuisikia shuleni, na ni ya hapa hapa Kenya.

Mwaka wa 1923 mashamba ya kahawa ya nyanda zetu za kati yalivamiwa na wadudu wadogo weupe, kama wametupiwa unga. Wanafyonza maji ya mmea na kutoa utomvu mtamu; siafu wadogo wanapenda huo utamu, basi wanawalinda kama askari. Kahawa wakati huo ilikuwa ya masetla, Mwafrika alikuwa amezuiwa kuipanda, lakini mdudu hakuuliza shamba ni la nani. Alishambulia hata mimea ya chakula kama mbaazi. Wakulima walipaka mashina vitu vya kunata ili siafu wasipande. Ilipunguza moto, haikuuzima.

Serikali ya kikoloni ikaamua kumtafuta adui wa mdudu huyo. Ili umtafute adui wake lazima ujue ametoka wapi, na ili ujue ametoka wapi lazima ujue ni nani. Wataalamu walimwangalia wakasema ni mdudu fulani anayejulikana, wa Asia. Basi wakaenda Asia, wakaleta wadudu wa kumla, wakawaachilia Kenya. Hakuna kilichotokea. Wageni walimwangalia mdudu wetu na hawakumtambua kama chakula. Miaka ikapita hivyo, meli kwa meli, pesa kwa pesa.

Mwaka wa 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alimchunguza upya akasema: huyu si yule wa Asia. Ni spishi yake mwenyewe, akampa jina la kenyae. Na kumbe kwao ni jirani tu, Uganda, ambako hakuwa anasumbua mtu sana kwa sababu huko adui zake wapo. Mwaka wa 1938 nyigu wadogo sana, wanaotaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo, waliletwa kutoka Uganda. Walishika kazi mara moja, na ikawa moja ya kazi zilizofanikiwa zaidi za aina hiyo barani Afrika. Kutoka 1923 hadi 1938 ni miaka kumi na tano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipotea kwa jina lisilo sahihi.

Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu, halafu nikaacha. Nilikuwa nimefanya kitu kilekile na kamba watatu.

Lakini usidhani basi dawa ni kutafuta tu adui sahihi, unamwachilia, unaenda kulala. Muulize mtu wa Kisumu. Gugu maji la Ziwa Victoria lilitoka Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau. Yaani lilianza kama pambo la bwawa, kama vile anemoni wangu alivyoanza kama picha ya simu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia ziwani, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 mashua zilikuwa zinakwama na wavuvi wanatazama maji wasiyoweza kuyafikia. Watu waliling'oa kwa mikono na kwa mashine, nalo likaendelea kuota, kwa sababu nalo linazaana kwa vipande.

Mwaka wa 1997 taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ikaachilia fukusi wa jenasi ya Neochetina, kutoka kulekule gugu lilikotoka. Wanakula gugu hilo. Miaka michache baadaye, kwa kazi ya fukusi na mawimbi na mvua za El Niño pamoja, sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imeondoka. Watu walishangilia. Kisha baada ya mvua kubwa za 2006, likarudi. Kwa nini? Kwa sababu mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini viliendelea kumiminika ziwani. Fukusi alikuwa anakula, na sisi tulikuwa tunapika.

Hiyo sentensi ndiyo ilinitoa kitini nikaenda kuangalia kopo la chakula cha samaki. Nilikuwa nalisha mara tatu kwa siku, kwa mkono mkarimu, kwa sababu nilidhani kulisha ni kupenda. Kilindini alikuwa anakula robo. Mabaki yalikuwa yanaanguka kwenye mashimo ya mawe, mlangoni kwa Aiptasia kabisa. Mwezi mzima nilikuwa nawadunga sindano Jumamosi na kuwapelekea chakula kuanzia Jumapili.

Sasa hii ndiyo kazi tunayofanya, na nawapa bure. Kwanza, nimejua jina. Aiptasia ana mikono mirefu myembamba ya kahawia. Kuna kero nyingine wanaiita majano, yenye mikono mifupi iliyovimba ncha kama vijiti vya kiberiti, na dawa zao si sawa. Kuna konokono bahari asiye na gamba, Berghia, ambaye hali kitu kingine ila Aiptasia. Akiwamaliza, anakufa njaa. Ukimpeleka kwa majano unamuua bure. Pili, wale kamba wasiofaa nimewatoa, nikapata Lysmata wawili wa kweli baada ya kulinganisha picha hadi macho yakauma. Tatu, chokaa ni kwa wawili kwa wiki, pampu imezimwa. Nne, kulisha ni mara moja, kidogo. Tano, sichemshi jiwe hai, na wewe usichemshe hata ukikasirika: kuna matumbawe laini yenye sumu kali inayoitwa palitoksini, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali. Sita, jiwe au mnyama yeyote mpya anakaa kwa tangi la pembeni kwanza, na muuzaji ananionyesha karatasi za alikotoka, maana matumbawe yana sheria za kimataifa. Kama unataka tu kuona anemoni na Nemo wake, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Nenda uone, uwaache hapo.

Jana usiku nilizima taa nikahesabu kwa tochi. Wamebaki watatu, wote kwa jiwe moja, nyuma kabisa. Siwezi kuwaambia wameisha, na kwa vile nimesoma hizi hadithi sidhani nitawahi kusema hivyo. Matumbawe yaliyobaki yameanza kufunguka mchana.

Anko bado anakuja na chai yake. Wiki hii aliniuliza kama Kilindini atapata mwenzake. Nilimwambia tungoje miezi miwili. Nikamweleza pia kitu nilichosoma: kwa hawa samaki, jike akifa, dume aliyebaki hubadilika kuwa jike.

Akaangalia tangi, akaniangalia. "Kwa hivyo Kilindini ndiye atakuwa Likoni?"

"Ndiyo, anko."

"Basi huyo mpya utampa jina wewe," akasema. "Lakini usome karatasi kwanza."